Swali Nililolifuta

Leo ni Agosti thelathini na moja. Funguo ninazo mimi.
Rangi ya buluu ya mlango haijakauka,
imeniachia alama kiwikoni.
Nimefagia nzi waliokufa dirishani tangu Juni,
nimekalia viti vyote kumi na vinne,
magoti yakigusa kidevu,
nijue kipi kinayumba.
Viwili vinayumba. Kimoja nimekitia kabari,
kingine nitakikalia mwenyewe.

Kalicha, mwasha jiko, ananicheka:
"Mwalimu, wanakuja watoto, si wakaguzi."
Mkaguzi ni rahisi, Kalicha.
Unamchemshia nyama, anakula, anasaini, anaondoka.
Mtoto anakutazama hadi Mei.

Huko juu malishoni wamekwisha kukunja mahema ya sufu.
Naliona vumbi likiteremka mlima,
kondoo mbele, lori nyuma,
juu ya lori magodoro,
na juu ya magodoro, bila shaka, wanafunzi wangu,
waliosahau herufi nusu
na kukumbuka majina ya farasi wote.
Basi nitaanzia kwa farasi.
Kila mtu atamchora wake,
kisha tutaisaka herufi ya kwanza ya jina lake.

Chupa za jamu nimeomba kwa majirani, ishirini,
maana kesho yatakuja maua, dalia na asta,
mabua yamefungwa kwa uzi wa kufumia.
Fungu moja nimelificha ndooni nyuma ya mlango,
la yule atakayefika mikono mitupu.
Nitampa yeye kwanza, kimyakimya,
naye atanipa mimi mbele ya wenzake.
Hilo sikufundishwa chuoni Bishkek.

Chuoni tulifundishwa kuvunja ukimya.
Ulizeni, walisema, maswali mepesi.
Mwaka jana nikauliza: baba yako anafanya kazi gani?
Mchungaji. Dereva. Mchungaji. Mwashi.
Nikafika kwa Ilgiz.
Ilgiz akakitazama kiatu chake.
Nami, mjinga wa miaka ishirini na mitatu,
nikarudia swali kwa sauti ya juu zaidi,
nikidhani hakusikia.
"Yuko Moscow," Begimai akajibu kwa niaba yake.
Na kutoka nyuma: "Hapokei simu."
Darasa zima lilijua.
Asiyejua ni mimi,
mimi mwenye rejista.

Theluji ikaanguka, Ilgiz hajainua mkono.
Aliuinua Novemba, kuomba ruhusa ya kwenda msalani.
Nilifurahi hata nikaona haya.

Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli,
lakini sakafu je, haipanguswi?
Nimechukua kifutio, nimelifuta swali lile,
karatasi ikachanika kidogo. Acha ichanike.
Kisha nimemketisha Kalicha na bakuli la chai,
nimemuuliza yeye, mtu mzima kwa mtu mzima:
nani amehamia kwa bibi yake?
Nani ana mdogo mpya nyumbani, halali usiku?
Nani haoni ubaoni na hataki kusema?
Kalicha amehesabu kwa vidole, vidole vikamwishia.
Nimebadilisha viti vitatu.

Majina nimeyaita mara mbili, darasa likiwa tupu.
Mara ya kwanza nilisikika kama karani wa mahakama.
Mara ya pili, afadhali.

Jua linazama, nafunga.
Nje mvulana juu ya farasi mwekundu,
amerefuka, mabega yameungua kwa kiangazi,
anajifanya anapita tu.
"Mwalimu, mlango mmeupaka rangi?"
"Tumeupaka, Ilgiz. Mbichi. Usiguse."
Anainama kutoka kwenye tandiko,
anagusa,
anautazama ule ubuluu kidoleni,
anaondoka mbio.